Iandike Kabla Haijakuponyoka: Namna ya Kukumbuka Ndoto na Kujielewa

Kila mtu huota. Anayesema haoti, kwa kawaida ameota akasahau. Watu wengi wa Bokoli, huku Bungoma, huwa macho kufikia saa kumi na moja alfajiri: kuna ng'ombe wa kukamua, uji wa watoto wa shule, na boda boda ya kutolewa kabla abiria wa Webuye na Kitale hawajajaa barabarani. Mguu ukigusa sakafu tu, ndoto imekwenda. Kinachobaki ni hali ya moyo: hofu isiyo na sababu, au furaha usiyojua imetoka wapi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuishika ndoto hiyo, kuiandika na kuisoma ili ikusaidie kujijua. Hayafundishi utabiri. Msimamo wake ni mmoja: ndoto ni habari yako mwenyewe, na wewe ndiwe unayepaswa kuwa msomaji wake wa kwanza.

Mzee wa Elgon na daktari wa Uswisi

Ukisimama Bokoli asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon unauona upande wa kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1925, Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, alishuka Mombasa na wenzake. Walipanda treni hadi Nairobi, wakasonga hadi Kakamega, na kutoka huko wakaenda kwa miguu pamoja na wapagazi mpaka kwenye miteremko ya Elgon. Jung alikuwa na umri wa miaka 50 na jina lake lilikuwa kubwa Ulaya kwa kazi yake juu ya ndoto. Alikuwa amejifunza Kiswahili kiasi cha kuweza kuketi barazani na wenyeji, watu aliowaita Elgonyi, ambao leo wanahesabiwa miongoni mwa Wasabaot.

Aliwauliza habari za ndoto zao. Wakamwambia hawaoti. Akawaahidi zawadi ndogo ndogo: sigara, viberiti, pini. Vitu hivyo walivipenda, lakini ndoto hawakusimulia. Baadaye Jung aliandika kwamba alishuku ni woga na kutomwamini mgeni. Hilo ni somo la kwanza kwa msomaji wetu: ndoto ni kitu cha ndani, hainunuliwi wala hailazimishwi. Ukitaka mtoto wako, mkeo au mumeo akusimulie yake, msubiri aamue mwenyewe.

Hatimaye Jung alizungumza na laiboni, yaani mganga wa jadi, mmoja mzee aliyevaa joho la ngozi za kima. Mzee yule alieleza, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita, kama maradhi yanakuja, kama mvua itanyesha na ng'ombe wapelekwe wapi. Hata babu yake aliota. Tangu wazungu waingie, alisema, hakuna anayeota tena, kwa kuwa sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu.

Maneno hayo yanastahili kufikiriwa. Ndoto ya laiboni ilikuwa na kazi ya hadharani, na serikali ya kikoloni ilipoichukua kazi hiyo, ndoto ikakosa mahali. Leo habari za mvua tunazipata kwa Idara ya Hali ya Hewa, na za maradhi tunazipata hospitalini. Lakini kuna habari moja ambayo hakuna ofisi inayoitoa, nayo ni habari ya moyo wako. Hapo ndipo ndoto ingali na kazi.

Ndoto za Jung mwenyewe zinaonyesha jambo hilo vizuri. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1962, alisema kwamba safari nzima ndoto zake hazikuigusa Afrika. Ziling'ang'ania mambo ya nyumbani kwake. Mara moja tu alimwota mtu mweusi, naye hakuwa Mwafrika aliyekutana naye njiani. Alikuwa kinyozi Mmarekani mweusi aliyewahi kumnyoa Chattanooga, Tennessee, miaka kumi na miwili nyuma. Ndotoni kinyozi alimsogezea kichwani chuma cha moto cha kusokota nywele ili zifanane na zake, na Jung akaamka kwa hofu. Aliisoma ndoto hiyo kama onyo kwamba Afrika ilikuwa karibu kummeza.

Msomaji wa leo ataona ndani yake hofu na dharau ya Mzungu wa wakati ule. Ataona pia kwamba ndoto ile ilieleza habari za Jung, si za Elgon. Ndivyo zilivyo na za kwetu. Jirani akikutokea ndotoni na panga, umejifunza kitu juu ya hofu yako. Juu ya jirani hujajifunza chochote.

Kwa nini tunasahau

Mwaka 1953 watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Watu walioamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi sana walikuwa na ndoto ya kusimulia. Usingizi hupita kwa mizunguko ya kama dakika 90 kila mmoja, na usiku wa kutosha una mizunguko minne hadi sita. Katika mzunguko wa kwanza kipindi hicho cha ndoto ni cha dakika chache tu. Kuelekea alfajiri kinaweza kufika nusu saa au zaidi.

Kwa hiyo ndoto ndefu ziko mwishoni mwa usiku. Anayelala saa tano na kuamka saa kumi amejikatia sehemu ile ile yenye ndoto nyingi. Tena ubongo unapoota hupunguza kemikali ya noradrenalini, ambayo husaidia kuhifadhi kumbukumbu. Ndoto haipotei kwa uzembe wako. Haikuwekwa imara tangu mwanzo. Una dakika chache za kuiokoa baada ya kuzinduka, na kila jambo jipya linaloingia kichwani, iwe ujumbe wa simu au sauti ya mtoto, huisukuma nje.

Kutokumbuka si dalili ya ugonjwa wala ya laana. Kukumbuka ni mazoea, na mazoea hujengwa.

Jioni: tayarisha mahali

Tafuta daftari la kawaida la shule, kurasa 96 zinatosha kuanzia. Litumie kwa ndoto peke yake, lisichanganywe na hesabu za maziwa au za chama. Andaa penseli badala ya kalamu ya wino: penseli huandika hata ukiwa umelala chali, na haikauki usiku. Weka vyote viwili pale mkono unapofika bila kuinuka, pamoja na tochi ndogo ya mwanga hafifu ili usimwamshe mwenzako.

Lala mapema kuliko ulivyozoea. Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa za usingizi. Anayelazimika kuamka saa kumi na moja alfajiri basi awe kitandani saa tatu usiku, au saa nne kwa kuchelewa sana. Kama wiki yako haina nafasi hiyo, tumia usiku mmoja ambao asubuhi yake huna haraka.

Punguza pombe. Busaa na chang'aa humlaza mtu upesi, lakini pombe huzuia usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha unakuja kwa vurugu katika nusu ya pili. Ndiyo sababu mlevi huamka alfajiri ametota jasho na ndoto za kutisha.

Kabla ya kufumba macho, andika tarehe juu ya ukurasa mpya, na chini yake mstari mmoja juu ya siku iliyopita: jambo lililokugusa zaidi. Kisha jiambie, kwa lugha unayoiwaza, kwamba ukiamka utakumbuka ulichoota. Zoezi hilo linaonekana dogo, lakini nia ya kukumbuka ni miongoni mwa vitu vinavyowasaidia zaidi wanaoanza.

Alfajiri: usiinuke kwanza

Ukizinduka, usigeuke. Baki katika ubavu ule ule uliolalia, macho yakiwa yamefumbwa. Jiulize swali moja: nilikuwa wapi sasa hivi? Mara nyingi kitakachokujia ni kipande cha mwisho tu. Kishike hicho, kisha rudi nyuma: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Ukimaliza upande huo, geukia ubavu mwingine kwa upole. Wakati mwingine kipande kingine hujitokeza.

Ukikosa picha kabisa, chukua hisia. Umeamka na huzuni? Na aibu? Na hamu ya chakula fulani? Andika hivyo hivyo. Mstari mmoja wenye hisia ni mwanzo halali wa daftari. Siku ambayo hakuna hata hisia, andika "sikumbuki", nawe utakuwa umelinda mazoea.

Simu iache mpaka umalize. Kama ndiyo saa yako ya kukuamsha, zima mlio bila kufungua ujumbe wowote.

Na uandike kwa mwandiko unaosomeka. Mwanasayansi Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha Graz nchini Austria, alizinduka usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1920 akiwa ameota namna ya kufanya jaribio juu ya mioyo ya vyura. Alikwaruza maneno kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma alichoandika, na siku nzima akahangaika. Usiku uliofuata ndoto ilirudi, naye safari hii akainuka moja kwa moja akaenda maabara. Jaribio hilo lilionyesha kwamba mishipa ya fahamu huwasiliana kwa kemikali, na mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Si kila mmoja atarudiwa na ndoto yake usiku wa pili.

Asiyejua kuandika hazuiliwi. Simu nyingi, hata zile ndogo za vibonye, zina kinasa sauti: mzee anaweza kusema ndoto yake kwa sauti ya chini mara tu anapozinduka. Akipenda, mjukuu atamwandikia baadaye, maneno kama yalivyotoka.

Unachoandika

Andika ndoto kana kwamba inatokea sasa: "ninatembea", "anaita", si "nilitembea". Hilo huirudisha karibu. Usiinyooshe iwe hadithi nzuri. Kama nyumba ilikuwa ya shangazi na papo hapo ikawa shule, iandike hivyo. Tumia lugha iliyozungumzwa ndotoni. Kama bibi alisema kwa Kibukusu, maneno yake yaache kwa Kibukusu. Kama mwalimu alifoka kwa Kiingereza, yaache kwa Kiingereza.

Kila ukurasa uwe na vitu sita: tarehe na saa za kulala na kuamka, tukio lenyewe, watu na mahali, hisia ndani ya ndoto na hisia ya kuamka, jambo la jana linalohusiana, kama lipo, na jina fupi la ndoto, ambalo litakusaidia kuitafuta baadaye.

Huu ni mfano tuliotunga, wa mama mkulima wa mahindi:

*Usiku wa kuamkia Jumatano. Nimelala saa tatu na nusu, nimeamka saa kumi na moja.*

*Jina: Gunia lisiloshoneka.*

*Niko ghalani kwa wazazi. Nashona mdomo wa gunia la mahindi kwa sindano kubwa. Uzi unakatika. Naufunga, unakatika tena. Nje lori linapiga honi. Dada yangu mkubwa amesimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani. Nataka kumwambia ashike gunia, sauti haitoki. Naamka.*

*Hisia: haraka, hasira kwa dada. Baada ya kuamka, aibu.*

*Jana: nimelipa nusu ya karo. Dada alipiga simu mara mbili, sikupokea.*

Angalia kisichokuwamo. Hajaandika gunia maana yake nini. Hajaandika kama ni baraka au ni kijicho. Ameandika alichoona, alichohisi na siku yake ilivyokuwa. Tafsiri ina muda wake.

Kuisoma

Acha kurasa zijae kwanza. Baada ya wiki tatu au nne, tenga saa moja tulivu, usome zote kwa mfululizo. Ndoto moja inaweza kuwa mabaki ya chakula kizito au ya filamu uliyoangalia. Kinachojirudia ndicho chenye uzito. Chukua penseli ya rangi, upige mstari chini ya watu wanaorudi, mahali panaporudi, na hisia inayorudi. Kisha jiulize maswali haya:

Ndotoni mimi ni nani mara nyingi: ninayekimbia, ninayetazama, ninayechelewa, ninayesaidia? Je, ndivyo nilivyo mchana?

Hisia hii ya ndotoni, wiki hii nimeihisi wapi nikiwa macho?

Nani anaonekana na hasemi? Mimi kwake nimenyamazia nini?

Ni jambo gani ninalijaribu kila mara na halikamiliki?

Mwanasaikolojia Mmarekani Calvin Hall, aliyekusanya maelfu kwa maelfu ya ndoto za watu wa kawaida, alifikia hitimisho kwamba ndoto zinaendeleza shughuli za mchana: tunawaota watu tunaoishi nao, hofu tunazozibeba na matamanio tuliyo nayo. Mwanasaikolojia mwingine, Rosalind Cartwright, aliwachunguza watu waliokuwa wakiachana na wenzi wao na kuzama katika huzuni. Aliona kwamba waliomwota mwenzi yule waziwazi na kwa hisia walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona mwaka mmoja baadaye. Kuota jambo chungu si lazima kuwe ishara mbaya. Huenda moyo unalishughulikia.

Turudi kwa mama wa gunia. Kitabu cha ndoto cha sokoni kitamwambia gunia ni mali. Daftari lake mwenyewe litamwambia kitu kingine. Tuseme katika kurasa za mwezi mzima dada amesimama mlangoni mara tatu, kila mara kimya, na kila mara mama huyu ameamka na aibu. Hahitaji mtabiri hapo. Anahitaji kurudisha simu ambayo hakuipokea na kuuliza, dada, ulikuwa unanitafutia nini? Tafsiri nzuri ya ndoto ni ile inayokupa hatua ndogo ya haki unayoweza kuichukua leo.

Marehemu wanapokuja

Katika eneo hili ndoto ya marehemu haipiti hivi hivi. Katika familia nyingi za Wabukusu na majirani zao, babu au bibi aliyefariki akimjia mtu ndotoni wakati kuna mimba au mtoto mchanga, wakubwa huuliza kama anataka jina. Majina mengi ya nyumbani yamepatikana hivyo. Desturi hiyo ina heshima yake, na daftari haliipingi. Iandike ndoto kwa makini siku ile ile: alivaa nini, alisema nini, alisimama wapi. Wakubwa wakikaa kuzungumza, watakuwa na maelezo ya asubuhi ile, wala si kumbukumbu iliyoongezewa chumvi na wiki tatu za kusimuliana.

Kwa mwenye msiba, kumwota marehemu ni sehemu ya kawaida ya maombolezo. Wengi hufarijika. Andika pia ulichotamani kumwambia. Mara nyingi huko ndiko maombolezo yako yalikokwama.

Imani yako na daftari lako

Wapo wanaohofu kwamba kuandika ndoto ni ushirikina. Vitabu vya dini havionyeshi hivyo. Katika Biblia, sura ya saba ya Danieli inaanza kwa kueleza kwamba Danieli aliota kitandani mwake, kisha akaiandika ndoto ile. Naye Mhubiri anaonya kwamba wingi wa shughuli huleta ndoto, yaani si kila ndoto ni ujumbe.

Kanisa la Marafiki, Quaker, lililoanza hapa Kenya huko Kaimosi mwaka 1902 na lenye waumini wengi upande huu wa Webuye na Lugulu, lina historia ndefu ya kusikiliza kwa ukimya. John Woolman, Rafiki wa Marekani aliyepinga utumwa na kufariki York, Uingereza, mwaka 1772, aliandika ndoto na maono yake ndani ya shajara yake, kando ya habari za safari na kazi.

Waislamu nao wamefundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, kitisho cha Shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Ndoto njema husimuliwa kwa mtu umpendaye. Mbaya haisimuliwi, na mwenye kuiona hujikinga kwa Mungu na kugeuka ubavu. Daftari hili linashughulika hasa na aina ya tatu. Ukipata ndoto unayodhani ni ya namna nyingine, mpelekee mchungaji, padri au shehe unayemwamini, lakini ipeleke ikiwa imeandikwa. Na kiongozi yeyote anayedai fedha ili akutafsirie ndoto au akuondolee mkosi ulioonekana ndotoni, mkimbie.

Ndoto za kutisha na jinamizi

Ndoto ya kutisha mara moja moja ni kawaida. Ikirudi ile ile kila wiki na kukunyima usingizi, ina tiba. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa wamepitia ukatili wa kingono, walioandamwa na ndoto mbaya. Waliofundishwa kuandika upya ndoto zao walipata nafuu. Njia yenyewe ni rahisi. Chagua ndoto mbaya ambayo si kali kuliko zote. Iandike. Kisha ibadilishe upendavyo: mlango unafunguka, mtu anakuja kukusaidia, mto unapungua maji. Iandike hiyo mpya kikamilifu, na kila siku ukiwa macho tumia dakika kumi hadi ishirini kuiwaza ilivyobadilika.

Walioshuhudia mauaji wasijaribu peke yao. Mapigano ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, ya kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force (SLDF) na baadaye operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008, yaliua mamia ya watu na kuwahamisha makumi ya maelfu. Wengi walikimbilia Bungoma na Kitale. Mtu ambaye mpaka leo anaamka akipiga kelele kwa sababu ya mambo ya wakati ule hana pepo wala si mwoga. Ana jeraha, na majeraha ya namna hiyo hutibiwa.

Jinamizi ni jambo jingine. Unazinduka, huwezi kujinyanyua, kifua kimekandamizwa, na pengine unaona mtu chumbani. Ubongo unapoota hulegeza misuli ili usitekeleze ndoto kwa mikono na miguu. Mara nyingine akili huzinduka kabla misuli haijarudi. Hupita kwa sekunde au dakika chache na halikudhuru. Pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Kulala saa zilezile kila siku na kulala ubavu badala ya chali hulipunguza.

Dawa nazo huleta ndoto kali. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kutibu VVU, inajulikana kwa hilo. Vivyo hivyo meflokwini ya malaria na baadhi ya dawa za presha kama propranololi. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Peleka daftari lako kliniki umwonyeshe mhudumu ndoto zilianza lini. Na mzee anayepiga ngumi, kupaza sauti au kuruka kitandani akiwa usingizini aonwe na daktari, kwani inaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson.

Kama ndoto zinakujaza mawazo ya kujiua, au huwezi kufanya kazi mchana, tafuta msaada siku hiyo hiyo: hospitali iliyo karibu, au nambari ya bure 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya. Aliyetendewa ukatili wa kijinsia anaweza kupiga 1195, na mtoto 116.

Mpaka usiovukwa

Ndoto si ushahidi. Usimshuku mkeo, usimfukuze mfanyakazi, usimshtaki jirani kwa sababu ya ulichokiona usingizini. Nyumba zimechomwa na wazee wameuawa nchini kwetu kwa tuhuma za uchawi zisizo na msingi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza kutumika mwaka 1925, mwaka ule ule Jung alipowasili, inaweka adhabu kwa anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Ukimwota mtu akikudhuru, andika hofu yako, jiulize imetoka wapi, na jina lake libaki ndani ya daftari.

Daftari lenyewe lilinde. Lina siri zako na za watu wengine. Liweke panapofungika, na uwaambie wa nyumbani mapema kwamba halisomwi bila ruhusa. Nawe usisome la mwenzako.

Laiboni wa Elgon aliamini kwamba ndoto zimekwisha kazi kwa kuwa kuna wengine wanaojua kila kitu. Hakuna anayejua kila kitu juu yako. Usiku wa leo weka daftari na penseli kando ya kitanda, ulale saa moja mapema, na kesho ukizinduka usiinuke kwanza. Andika utakachokikuta, hata kama ni neno moja, na usimpe mtu yeyote akutafsirie kabla hujakisoma mwenyewe.